KAZI ZA MIKONO: JINSI YA KUSHIKIZA UBAO KWENYE SAKAFU YA SIMENTI





Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za mpira, mashairi, na maonyo yangu juu ya kengele na usafi wa bweni. Leo sina onyo. Leo ninaleta somo la kazi za mikono, na ninalileta kwa sababu mimi mwenyewe nililikosa, nikajifunza nyuma ya hasara.

Sote tunajua namna nyumba zetu zilivyo hapa Baraka na kule Fizi. Kuanzia 2005, meli zilipoanza kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma mpaka bandari ya Baraka, watu wengi walijenga upesi, kila mmoja kadiri ya uwezo wake. Baadaye wengine wakashuka kutoka milimani kwa kukimbia vita. Kisha Ziwa Tanganyika likapanda mwaka 2020 na 2021, likapanda tena 2024, na waliokaa karibu na maji wakaingia kwa ndugu zao. Basi nyumba iliyojengwa kwa watu sita inalaza kumi na wanne. Mzee wa nyumba anafanya nini? Anakata sebule vipande viwili kwa ukuta wa mbao. Na kazi hiyo mara nyingi inampata kijana aliye likizoni, yule anayesema, «Mimi ninaweza.»

Mimi nilisema hivyo.

YALIYOTUPATA KWETU

Mwaka 2024 maji yaliingia nyumbani kwa bibi yangu. (Ninasema mama mzaa baba, sisi tunamwita Bibi kwa mazoea ya Kigoma, msifikiri nimeoa!) Baba alimleta kwetu, na wakati wa likizo kubwa akaniagiza nimtengenezee chumba chake ndani ya sebule.

Nilipata mbao za mkalitusi. Nikalaza ubao mmoja chini, unene wa sentimeta 5 na upana wa sentimeta 10, urefu wa meta 3. Juu yake nikasimamisha nguzo, nikafunga mbao nyembamba. Upande mmoja uligusa ukuta wa matofali, upande mwingine niliuacha wazi kwa mlango wa pazia. Juu sikufika kwenye mbao za paa. Nilikata kwa meta 2 na sentimeta 20, nikisema hewa na mwanga vipite. Chini nilipigilia misumari 6 ya sentimeta 10. Minne ilijikunja, nikaipiga mpaka ikalala. Sakafu ilipasuka kidogo pembeni mwa ubao, nami nikafuta vumbi, nikaita watu waje kuona.

Ukuta ule ulisimama siku 16. Siku ya 17 mdogo wangu mwenye miaka saba aliukimbilia akicheza, akauegemea kwa mikono miwili. Ukaanguka upande wa ndani. Bibi alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda chake akichambua maharagwe. Ubao wa juu ulimpiga begani na mfupa wa mtulinga ukavunjika.

Makuta ya shule ya mwaka uliofuata yalikwenda kwa matibabu. Nilianza masomo nikiwa nimechelewa wiki tatu. Bibi alikaa wiki sita mkono ukiwa umefungwa shingoni, na siku ile ya kwanza jambo aliloliuliza ni kama mtoto ameumia. Juu yangu hakusema neno. Ningependa angesema.

Fundi mmoja wa mtaa wetu ndiye aliyekuja kutazama. Aliinama chini, akaniuliza:

«Nani alipigilia hii?»

«Ni mimi, papa fundi.»

«Misumari ulipiga wapi?»

«Katika betoni.»

«Betoni iko wapi hapa?»

Akachukua tindo, akapiga mara tatu. Kipande cha sakafu kikatoka kama ganda, na chini yake kulikuwa na mchanga na matofali yaliyovunjika. Akasema: «Ona. Hii haiko betoni. Iko shapi ya sentimeta tatu. Weye ulipigilia ukuta mu mchanga.»

Yote yanayofuata hapa chini ni yale aliyonionyesha fundi huyo, pamoja na hesabu niliyoifanya mwenyewe kwa fizikia tunayojifunza darasani.

1. KWANZA IJUE SAKAFU YAKO

Sakafu zetu zinafanana kwa macho kwa sababu zote zimepakwa simenti juu. Ndani ziko za namna tatu.

(a) Udongo ulioshindiliwa na kupakwa simenti ya sentimeta 1 au 2. Hiyo ni rangi tu. Haishiki kitu.

(b) Mawe au matofali yaliyovunjika, kisha shapi ya sentimeta 3 au 4 ya simenti na mchanga. Nyumba nyingi ziko hivi, na yetu pia.

(c) Betoni ya kweli, yaani simenti, mchanga na kokoto vilivyochanganywa pamoja, unene wa sentimeta 8 au 10 au kupita.

Kuna njia mbili za kuzitambua. Ya kwanza ni sikio. Gonga kwa nyundo pole pole kila sentimeta 20. Betoni nzima inalia kwa sauti kali na fupi. Pahali penye uwazi chini panalia kama debe. Ya pili ni tundu la kujaribu. Toboa tundu moja pahali ambapo ubao utapafunika, ukiangalia vumbi linalotoka. Likiwa la kijivu, bado uko ndani ya simenti. Likigeuka kuwa jekundu, au mchanga ukianza kutoka, umekwisha kupita. Ingiza kijiti, upime kina. Tundu hili moja lingetupunguzia msiba wote.

Kwa nini unene ni jambo kubwa? Kwa sababu msumari au skurubu haina nguvu yake peke yake. Nguvu yake ni ya kile kitu ilichokiingia. Hesabu ya misumari yangu ni hii: sentimeta 10 za msumari, toa 5 za ubao, zinabaki 5. Toa 3 za shapi, zinabaki 2. Sentimeta 2 za mwisho, pale penye ncha, zilikuwa ndani ya mchanga. Na zile 3 za shapi nilikwisha kuzipasua kwa nyundo.

Tena tukumbuke tabia ya betoni yenyewe. Inaweza sana kubeba mzigo unaoikandamiza, lakini ikivutwa ni dhaifu: nguvu yake ya kuvumilia mvuto ni karibu sehemu moja tu ya kumi ya ile ya kuvumilia mgandamizo. Ndiyo sababu wajenzi wanatia vyuma ndani ya nguzo na mihimili. Msumari wa kawaida unapoingia kwa nguvu unasukuma betoni pembeni, nayo inapasuka. Ubao ni tofauti: nyuzi zake zinapisha msumari, kisha zinaubana. Betoni haina nyuzi.

2. HESABU YA UKUTA UNAOSUKUMWA

Hapa ninawaomba wale wasiopenda fizikia wavumilie kidogo.

Tuseme mtoto anasukuma kwa nguvu ya nyutoni 100, ambayo ni sawa na uzito wa kilo 10. Si nguvu kubwa. Anasukuma kwenye kimo cha meta 1 na nusu. Ukuta ukitaka kuanguka, unazunguka juu ya ukingo wa ubao wa chini. Nguvu ya kuuzungusha ni:

100 × 1.5 = nyutoni-meta 150.

Ni nini kinachopinga? Kwanza uzito wa ukuta wenyewe. Ukuta wangu nadhani ulikuwa na kilo 60, yaani nyutoni 600. Uzito huo unakaa katikati ya ubao wenye upana wa sentimeta 10, yaani sentimeta 5 kutoka ukingoni:

600 × 0.05 = nyutoni-meta 30.

Zinabaki 120 za kupingwa na misumari. Nayo misumari iko katikati ya ubao, sentimeta 5 kutoka ukingoni:

120 ÷ 0.05 = nyutoni 2400.

Mmeona? Kilo 10 za mkono wa mtoto zimegeuka kuwa mvuto wa kilo 240 kwenye misumari, karibu uzito wa mifuko mitano ya simenti. Ukigawanya kwa misumari 6, kila mmoja unavutwa kwa kilo 40. Mmoja ukitoka, mzigo wake unahamia kwa wenzake, kisha mwingine unatoka, mpaka wote wamekwisha. Na kama misumari haishiki kabisa, nyutoni 20 peke yake pale kwenye kimo cha meta 1 na nusu zinatosha kuanza kuuinua ubao. Ni uzito wa lita mbili za maji.

Sasa tuufunge ukuta ule ule juu, kwenye mbao za paa, kimo cha meta 2 na nusu. Mtoto anasukuma pale pale kwa nguvu ile ile. Kichwa cha ukuta kinapokea:

100 × 1.5 ÷ 2.5 = nyutoni 60.

Zinazobaki, nyutoni 40, zinakwenda kwa mguu. Na hizo 40 haziuvuti ubao kwenda juu. Zinausukuma pembeni tu, kama mtu anayetaka kuutelezesha.

Kutoka 2400 mpaka 40! Sikutia simenti zaidi wala chuma zaidi. Nimefunga kichwa tu.

Basi hili ndilo neno kubwa la somo langu: kazi ya sakafu ni kuzuia mguu usiteleze, kusimama kwa ukuta kunatoka juu na pembeni. Anayeshughulika na misumari ya chini bila kutazama paa anafanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo ndogo.

3. MAJI NA MCHWA

Simenti inaonekana kavu, lakini inanyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Hapa Baraka tuko kando ya ziwa na maji hayako mbali chini. Ubao ukilala juu ya simenti bila kitu katikati, unakunywa maji hayo, unavimba, unaoza kwa chini ambapo macho hayafiki.

Jaribu hivi. Chukua kipande cha plastiki, sentimeta 50 kwa 50, ukilaze juu ya sakafu, ubandike kingo zake zote kwa utepe wa gundi. Kiache usiku mmoja na mchana. Ukikifunua ukakuta matone chini yake, au sakafu imekuwa nyeusi pale, maji yanapanda.

Dawa yake ni kuweka kizuizi kati ya ubao na sakafu. Karatasi ya lami ni nzuri sana. Kama haipatikani, kunja plastiki nene au kipande cha bashi mara mbili, kizidi upana wa ubao kidogo kila upande.

Mchwa wanapita kwenye ufa wa sakafu, wanaingia moja kwa moja ndani ya mti. Hata ufa mwembamba kama makali ya kisu unawatosha. Kwa hiyo mbele ya kulaza ubao, fungua kila ufa kwa tindo, ulowanishe, uzibe kwa simenti. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi niliujenga mara mbili.

Juu ya mti wenyewe: mvule unavumilia kuliko mkalitusi, lakini bei yake ni kubwa. Ukikosa makuta, tumia mvule kwa ubao wa chini peke yake, na mkalitusi mkavu kwa nguzo. Mkalitusi mbichi usiutumie, unajipinda ukikauka na kung'oa skurubu. Wengine wanapaka mafuta machafu ya moteri. Yanasaidia kidogo, lakini yananuka na si mazuri kwa ngozi wala pumzi. Katika chumba cha kulala msiyapake.

4. NJIA TATU ZA KUSHIKIZA

NJIA YA KWANZA: skurubu na shevili. Hii ni kwa betoni ya kweli, na kwa mwenye mashine ya kutoboa na moto wa grupu au wa jua.

Shevili ni kile kifuko kidogo cha plastiki kinachoingia tunduni kwanza. Skurubu ikiingia ndani yake, kinatanuka na kubana pande zote kwa usawa, wala hakipasui kama msumari. Ni akili nzuri, na ina historia. Katika miaka ya 1910 Mwingereza John Joseph Rawlings alitengeneza shevili za nyuzi za juti zilizogandishwa. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer akatengeneza ya nailoni, ndiyo mama wa hizi tunazoziona madukani.

Hatua zake:

(a) Chora mstari wa ubao sakafuni kwa uzi. Hakikisha hakuna bomba wala waya chini.

(b) Toboa ubao kwanza. Tundu la kwanza liwe sentimeta 10 kutoka mwisho wa ubao, mengine kila sentimeta 60. Ukikaribia sana mwisho, ubao utapasuka.

(c) Laza kizuizi cha maji, kisha ubao, utie alama sakafuni kupitia matundu. Ondoa ubao.

(d) Toboa sakafu kwa meshi ya betoni ya milimeta 8, kina sentimeta 5. Funga utepe kwenye meshi kwenye alama ya sentimeta 5 usipite. Meshi ikikataa kuingia, umekuta jiwe. Hamia sentimeta 5 pembeni. Usitoboe karibu na ukingo wa sakafu kwa chini ya sentimeta 10.

(e) Toa vumbi lote. Shevili iliyokaa juu ya vumbi haibani. Usipulize kwa kinywa, vumbi litakurudia machoni. Tumia pompi ya kinga.

(f) Ingiza shevili ya 8. Rudisha ubao, tia skurubu ya sentimeta 9 au 10 pamoja na kipete cha chuma chini ya kichwa chake, kaza. Ikianza kuzunguka bure, tundu limeharibika; toboa jingine.

NJIA YA PILI: buloni iliyojengewa. Hii haitaki moto wala mashine, na ndiyo inayofaa nyumba zetu nyingi.

Kwenye betoni ya kweli, chimba shimo kwa tindo na nyundo, sentimeta 6 kwa 6, kina 7 au 8 kwa kadiri unene unavyoruhusu. Lifanye pana zaidi chini kuliko mdomoni, kama chungu, ili simenti ikikauka isiweze kutoka. Safisha, lowanisha. Simamisha buloni kichwa kikiwa chini, ujaze simenti kipimo 1 na mchanga safi vipimo 2.

Kwenye shapi nyembamba kama ya kwetu, kina hicho hakipo. Fundi alitoboa shapi yote, akachimba ardhini mashimo matatu chini ya mstari wa ubao, sentimeta 25 kwa 25, kina 30. Akayajaza betoni ya simenti 1, mchanga 2, kokoto 4, na katikati ya kila shimo akasimamisha buloni moja. Kwa mashimo matatu hatukumaliza hata nusu ya mfuko wa kilo 50. Sasa buloni imeshikwa na jiwe zito lililozikwa ardhini, haishikwi tena na ganda.

Kisha ngoja. Hapa ndipo sisi vijana tunaposhindwa. Wengi tunadhani simenti inapata nguvu kwa kukauka. Sivyo. Inapata nguvu kwa kuungana na maji, na ikikauka upesi inabaki dhaifu. Funika kwa gunia lililolowa, umwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7, ndipo ulaze ubao na kukaza mkono wa buloni. Nguvu yake inayohesabiwa na mainjinia ni ile ya siku ya 28, kwa hiyo katika majuma ya kwanza usiutie ukuta mzigo wa rafu wala wa makabati.

Haraka haraka haina baraka. Sisi wa Baraka tungepaswa kuijua methali hiyo kuliko watu wote.

NJIA YA TATU: misumari ya betoni. Ni ile mifupi ya chuma kigumu, isiyojikunja. Itumieni kwa vitu vyepesi tu, kama ubao mwembamba wa kufunika pembe ya sakafu na ukuta. Mguu wa ukuta msiuamini kwa misumari hiyo. Tena ikipigwa vibaya haijikunji, inakatika, na kipande kinaruka kama risasi.

Kwa wale wanaokaa karibu na ziwa nina neno moja zaidi: chagueni buloni au skurubu, hata mkiona msumari ni rahisi. Kitu kilichokazwa kinafunguliwa. Maji yakija, unafungua, unahamisha mbao zako zikiwa nzima.

5. KICHWA NA PEMBE

Ubao wa juu ufike kwenye mbao za paa na kufungwa hapo kwa skurubu au kwa misumari mirefu iliyopigwa kwa kupishana. Kama ukuta unapita katikati ya mbao mbili za paa, weka ubao wa kuziunganisha kwanza, kisha funga kwenye huo. Hewa na mwanga visikutishe: acha nguzo zifike juu, uache wazi nafasi ya kati ya nguzo. Mimi nilikata nguzo zenyewe, ndiyo makosa.

Upande unaogusa matofali, shikiza nguzo ya pembeni ndani ya tofali lenyewe, siyo katika plasta. Upande wa mlango, nguzo ya mwisho ni lazima iende mpaka paani, kwa sababu ndiyo inayopokea mikono ya watu wote wanaopita. Na kila nguzo isimame kwa timazi au kwa nivo. Ukuta ulioinama umekwisha kuanza kuanguka.

6. HADHARI

Vaa miwani ya kazi unapopiga tindo au unapotoboa, hata kama watakucheka. Funga kitambaa kilicholowa puani na mdomoni, na mwagia sakafu maji kidogo unapochimba kwa mkono. Vumbi la simenti na la mawe linaharibu mapafu kwa miaka. Ukitumia mashine ya moto, maji yakae mbali nayo. Simenti mbichi inakula ngozi, basi nawa mikono upesi. Na watoto wasiingie mpaka kazi iishe.

MWISHO WA HABARI

Ukuta wa pili ulikamilika baba akiwa amekopa simenti na mimi nimelipa kwa kubeba mchanga wa fundi yule kila Jumamosi, miezi miwili. Tulipomaliza nilimwita Bibi arudi chumbani. Alikataa kuingia. Alikuja mpaka mlangoni, akatoa mkono mzima, ule usiovunjika, akausukuma ukuta. Akausukuma tena kwa nguvu, akatazama juu pale ulipofungwa. Ndipo akachukua kikapu chake cha maharagwe, akaingia, akaketi.

Tangu siku ile hiyo ndiyo mitihani yangu ya kila kazi. Mbele ya kumwita mtu alale ndani ya ukuta ulioujenga, usukume mwenyewe kwa mikono miwili, kwenye kimo cha kifua, pande zote mbili. Ukisogea hata kidogo, fungua uanze upya. Ni afadhali uaibike mbele ya nyundo yako kuliko mbele ya mzee wako.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ubao wako una unene wa sentimeta 4. Shapi ina sentimeta 3. Msumari una urefu wa sentimeta 8. Je, sentimeta ngapi zitakuwa ndani ya mchanga?

2. Mtu anasukuma ukuta kwa nyutoni 200 kwenye kimo cha meta 1. Ukuta umefungwa juu kwenye kimo cha meta 2 na nusu. Kichwa kinapokea nyutoni ngapi, na mguu ngapi?

3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini shimo la buloni linachimbwa pana chini na jembamba mdomoni.

4. Nenda nyumbani kwenu, au hapa katika bweni, ugonge sakafu kwa nyundo ndogo pole pole. Chora ramani ya pahali panapolia kama debe.

Mwenye majibu aniletee jioni nyuma ya kula. Atakayekosa swali la kwanza nitamwonyesha misumari yangu sita. Ninayo bado, ndani ya kopo, chini ya kitanda.

Ni mimi,
Kiongozi wa Wanafunzi, darasa la mwisho